Jinsi Wanavyochaguliwa Wanafunzi wa Udaktari

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za jinsi vyuo vyetu vinavyowachagua vijana watakaosomea udaktari. Mimi si daktari. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kazi yangu ni kuwatayarisha wale watakaokwenda kuwafundisha watoto wenu. Lakini kwa muda wa miaka mingi nimewaona vijana wakiishika njia ya udaktari. Wachache walifika, wengi walipotea, na karibu wote waliopotea hawakupotea mahali pale walipodhani wao na wazazi wao. Hilo ndilo lililonifanya niombe nafasi hii.

Siku moja, katika majira ya baridi, alifika mgeni nyumbani kwangu Njombe, baba mmoja mkulima wa viazi atokaye pande za Kitulo. Alikuwa amepanda basi alfajiri, begani ana kiroba cha viazi na mkononi dumu la maziwa. Tulipokwisha kuamkiana na kuulizana habari za nyumbani na za mashamba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja unionyeshe mtu."

"Mtu gani, Baba?"

"Mtu wa kuonwa. Binti yangu yuko kidato cha pili, naye ataka kuwa daktari. Akili anazo, hata walimu wake wasema. Lakini nimeambiwa kwamba nafasi za udaktari zina wenyewe. Basi nionyeshe huyo mwenyewe, nami nitauza ng'ombe."

Wengi wenu mwaijua Kitulo kwa sifa yake. Ni uwanda ulioko juu sana, zaidi ya mita 2,500, na mvua zikinyesha hufunikwa na maua hata watu huuita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, na wageni hutoka mbali kuja kuyatazama maua hayo. Wenyeji wa vijiji vya kandokando huijua kwa viazi, kwa umande unaoganda mwezi wa Juni na Julai, na kwa jambo jingine moja, nalo ni umbali wa hospitali mtu augulapo usiku. Hospitali zipo katika wilaya ya Makete, na ile ya Ikonda yajulikana hata mikoa ya mbali. Walakini ukiwa upande wa Matamba, na gari lililopatikana laelekea Chimala, hapana budi uteremke lile genge la kona 57, kona moja baada ya nyingine, mpaka uwanda wa Usangu. Mke wa mgeni wangu aliteremshwa hivyo usiku wa mvua, uchungu ukiwa umemshika, na binti yake wa miaka tisa akimshikia taa garini. Mama alipona. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona. Tangu usiku ule binti yule husema atakuwa daktari, wala hasemi la pili.

Nilimwambia baba yule amwache ng'ombe wake zizini, kwa sababu mtu anayemtafuta hayuko. Hakuniamini mara moja. Ikanibidi nimweleze tangu mwanzo, na maelezo hayo ndiyo ninayotaka kuwapa ninyi.

Kijana akimaliza kidato cha sita na kupata matokeo yake kutoka Baraza la Mitihani, hupeleka maombi yake mwenyewe kwa kila chuo akitakacho, kwa njia ya mtandao. Haikuwa hivyo siku zote. Kuanzia mwaka 2010 mpaka 2017 maombi yalipitia mahali pamoja, katika Tume ya Vyuo Vikuu, na kompyuta ndiyo iliyowagawanya watu vyuoni. Kisha mwaka 2017 ikaamriwa kwamba wanafunzi waombe vyuoni moja kwa moja. Tume ikabaki na kazi ya kuweka kanuni, kuyakagua majina yaliyochaguliwa, na kuangalia mtu mmoja asishike nafasi mbili. Ndiyo maana aliyechaguliwa na vyuo viwili au vitatu sharti athibitishe kimoja tu, kwa namba ya siri anayopelekewa katika simu. Namba hiyo, wasikilizaji wangu, msiidharau, wala msimwachie kijana wa duka la kompyuta awathibitishie apendavyo yeye. Namjua mtu aliyeikosa nafasi yake kwa kuwa alibadili laini ya simu katika mwezi ule ule.

Vyuo vyenyewe mwavisikia: Muhimbili kule Dar es Salaam, KCMC huko Moshi, Bugando huko Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, na hapa karibu nasi, Mbeya, chuo cha afya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vingine vipo, vya madhehebu na vya watu binafsi. Masomo ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali hospitalini chini ya macho ya wakubwa.

Je, vyuo hivi hutazama nini? Hutazama herufi tatu: ya Fizikia, ya Kemia, na ya Biolojia. Herufi hugeuzwa kuwa hesabu. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Katika miongozo ya miaka ya karibuni kiwango cha chini cha kuombea udaktari kimekuwa pointi 6 katika masomo hayo matatu. Mtu akisikia hivyo hudhani mlango ni mpana. Si mpana. Pointi hizo ni ruhusa ya kusimama katika mstari tu. Chuo huwapanga waombaji kwa alama zao, wa juu kwanza, huhesabu kutoka juu mpaka nafasi zimekwisha, na hapo hukata. Waombaji wakiwa hodari mwaka huo, mkato hupanda; na katika chuo kinachotamaniwa na wengi, kama Muhimbili, hupanda sana. Kwa kawaida hakuna anayeitwa mbele ya wazee wa chuo kuulizwa kwa nini ataka kuwa daktari, wala hakuna barua ya mchungaji au ya mwenyekiti wa kijiji iwezayo kuongeza hata nusu ya pointi.

Mgeni wangu alipoyasikia hayo alifurahi, kisha akahuzunika. Alifurahi kwa kuwa aliona karatasi haina ndugu, na mtoto wa mkulima aweza kusimama na mtoto wa waziri katika mstari mmoja. Kisha akatazama chini, akasema, "Basi hawatajua kwamba alimshikia mama yake taa."

Nikasema, "Hawatajua, Baba."

Neno lile lilinikaa moyoni, maana nchi yetu imewahi kujaribu kulijua. Katika siku za ukoloni kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari hakuwa na chuo hapa nchini; ilimpasa afike Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza katika miaka ya 1920 pamoja na hospitali ya Mulago. Njia ilikuwa ndefu. Kijana wa pande zetu alikuwa na bahati kubwa akifika hata Malangali, shule iliyofunguliwa mwaka 1928, sembuse Makerere. Wakati wa uhuru, mwaka 1961, madaktari wenyeji walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwalimu Nyerere alisema baadaye kwamba walikuwa 12. Mwaka 1963 ikafunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam, katika hospitali iliyoitwa Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo, na mwaka 1968 shule hiyo ikawa kitivo cha chuo kikuu.

Kisha likaja Azimio la Musoma, mwezi wa Novemba, mwaka 1974. Halmashauri Kuu ya TANU iliona kwamba kijana anayetoka dawati la shule na kukalia dawati la chuo kikuu hajui kazi wala hawajui watu walimsomesha. Basi ikaamriwa kwamba aliyemaliza kidato cha sita aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa uchache miaka miwili, ndipo aombe chuo. Na pamoja na alama zake alete maneno ya mwajiri wake na ya tawi la chama juu ya mwenendo wake na bidii yake. Yaani chuo kilitaka kujua, katika maneno ya mgeni wangu, kama mtu amewahi kumshikia mwenziwe taa.

Siwezi kuicheka fikira ile. Kila mwalimu amepata kumwona mwanafunzi mwenye A tatu ambaye hangemkabidhi mgonjwa wake, na mwingine mwenye C ambaye angemkabidhi mama yake mzazi. Lakini fikira njema ilipata taabu ilipowekwa katika kazi. Wasichana walipungua sana chuoni, maana miaka miwili ya kungoja kwa msichana wa siku zile ilikuwa miaka ya kuposwa na kuzaa. Mwaka 1976 wakaachiliwa sharti lile. Fani za sayansi nazo ziliona shida kujaza nafasi zake, hata nazo zikalegezewa. Mimi mwenyewe nafahamu kwa nini: mtu aliyekaa miaka mitatu ofisini akipiga mihuri haikumbuki tena Kemia yake. Tena barua ya sifa huandikwa na mtu, na mtu, tofauti na karatasi, ana ndugu. Baba yule aliyetaka kuonyeshwa "mwenyewe" wa nafasi angalimpata katika mpango wa namna ile, na ng'ombe wake angaliuzwa.

Mataifa mengine yahangaika na shida hiyo hiyo. Uingereza humwita mwombaji na kumhoji. Canada, katika chuo cha McMaster, walibuni mwanzoni mwa karne hii namna ya kumzungusha mwombaji katika vyumba kadhaa, dakika chache kila chumba, na katika kila chumba mtahini mwingine na jambo jingine, ili mtahini mmoja asiweze peke yake kumwinua au kumwangusha. Waholanzi kwa miongo mingi walipiga kura ya bahati, waliokuwa na alama za juu wakipewa bahati kubwa zaidi. Wakaiacha mwaka 2017, na baada ya miaka michache wakaruhusu tena. Nilipomsimulia mgeni wangu habari za kura hiyo alishangaa mno, akasema kwamba hata mbuzi wa mnada hachaguliwi hivyo.

Lakini wako watu ambao habari yao ilimfanya aache kikombe cha chai kikapoa, nao ni Wajapani. Japani ina milima mingi na visiwa vingi, na madaktari wake, kama wetu, walipenda kukaa mijini. Mwaka 1972 mikoa yote ya nchi ile, iliyo 47, ilishirikiana kuanzisha chuo kimoja cha udaktari, kiitwacho Jichi. Kila mkoa huchagua vijana wawili au watatu tu kila mwaka. Kijana wa mkoa fulani hushindana na wenzake wa mkoa ule, wala hashindani na nchi nzima, nao humtahini na kumhoji. Akichaguliwa, mkoa humkopesha karo yote. Akimaliza, arudi mkoani kwake atumike muda wa miaka tisa, na sehemu ya miaka hiyo iwe mashambani au visiwani ambako madaktari ni haba; akitimiza, deni limefutwa; akikataa, alipe. Wengi wametimiza, na wengi wa waliotimiza wakabaki katika mikoa yao hata baada ya deni kwisha.

Tena Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwa mataifa yote mwaka 2010, kwamba vyuo viweke kusudi nafasi kwa vijana waliolelewa mashambani, kwa kuwa imeonekana katika nchi nyingi kwamba hao ndio wepesi zaidi kurudi kufanya kazi mashambani. Si jambo la ajabu. Mtu aliyezaliwa katika baridi ya Kitulo haiogopi, na lugha ya bibi mgonjwa haihitaji mkalimani.

"Sisi tunao mpango kama huo wa Wajapani?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba hatuna. Kwetu mstari ni mmoja, tangu Kagera mpaka Mtwara, na herufi A ya shule yenye maabara na walimu kumi wa sayansi yahesabika sawasawa na A ya shule isiyo na kitu, kama A hiyo ikipatikana. Ni haki ya namna fulani. Yapima vizuri kile kijana alichokijua siku ya mtihani. Haipimi alikotoka ili akijue. Mimi naona ingefaa tujaribu mpango wa mikoa, hata kwa nafasi chache, mathalani mikoa iliyo na madaktari wachache kuliko yote. Na wako wakubwa zangu katika elimu wasiokubaliana nami, wakisema kwamba mgonjwa hatibiwi kwa huruma. Ni kweli. Lakini Jichi hawakushusha mtihani. Walibadili mstari tu.

Sasa nakuja katika jambo lililo kubwa kuliko yote, na hapa nawaomba wazazi wanisikilize sana. Kuchaguliwa kwa udaktari hakuanzi siku ya maombi. Siku ile kazi kubwa ya kuchagua imekwisha zamani, nayo imefanyika kimya kimya katika shule ya kata, bila chuo kikuu kujua.

Nirudi nyuma hatua kwa hatua. Ili upate herufi tatu katika kidato cha sita, lazima uwe umeisoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Yuko kijana mwingine aliyesoma Kemia, Biolojia na Jiografia, mwenye bidii, akapata alama nzuri kabisa. Huyo akiuomba udaktari, hukataliwa, kwa sababu hana Fizikia. Nimewaona wakilia. Waliichagua tahasusi ile wakidhani Biolojia na Kemia zatosha, maana ndizo zinazotaja mwili na dawa, wala hakuna aliyewaambia. Ukimtazama mtoto wako anapojaza fomu ya kuchagua tahasusi baada ya kidato cha nne, tazama neno Fizikia kabla ya neno jingine lolote.

Lakini ili uchaguliwe katika tahasusi ile, hapana budi uwe umefaulu masomo hayo matatu katika kidato cha nne, tena si kwa D. Na kwa desturi iliyodumu miaka mingi, mwanafunzi aingiapo kidato cha tatu aliweza kuiacha Fizikia na Kemia akabaki na Biolojia. Mtaala umeanza kubadilishwa katika miaka hii, na michepuo yapangwa upya, ila jambo lenyewe ni lile lile: mtoto wa miaka kumi na mitano au kumi na sita huulizwa, "Utaendelea na Fizikia?" naye hujibu kwa kumtazama mwalimu aliyeko, au kwa kutazama nafasi tupu pale ambapo mwalimu hayuko. Akijibu "La," amejitoa katika udaktari, na huenda asijue mpaka ipite miaka minne. Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo wanapopotea. Wasichana hupotea zaidi, kwa kuwa husikia kila siku kwamba Fizikia ni somo la wavulana, na wanaosema hivyo wengine ni walimu. Nasema hili kwa aibu, maana walimu hao twawafundisha sisi.

Nilipata kusimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani, sitaitaja. Kulikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA juu ya mlango. Ndani yake palikuwa na magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, na bureti mbili katika sanduku, zimefungwa kwa karatasi ya kiwandani. Wanafunzi wa kidato cha nne waliziona bureti hizo mara ya kwanza mwezi mmoja kabla ya mtihani. Mwalimu, kijana mwenye moyo, aliwapanga mstari, kila mmoja akashika kilango cha bureti kwa zamu, akafungua, akafunga, akampisha mwenzake. Msichana mmoja alipofika zamu yake alikishika kile kilango kwa vidole viwili kama mtu ashikaye yai, akatiririsha tone moja, akaangalia rangi, akatabasamu. Ndiyo mara yake ya kwanza na ya mwisho kabla ya mtihani. Mkaguzi wa karatasi zake huko mbali aliona alama tu.

Mlango wa pili upo, nao wengi huudharau. Ni mlango wa utabibu. Kijana aliyefaulu kidato cha nne, akiwa na Fizikia, Kemia na Biolojia hata kwa alama za kawaida, aweza kuomba chuo cha afya na kusoma stashahada ya utabibu miaka mitatu. Akiisha huwa tabibu, yule mnayemkuta katika zahanati na vituo vya afya, ambaye watu humwita daktari bila kujali kama amepata kuwa daktari. Tabibu aliyemaliza kwa alama nzuri aweza baadaye kuomba chuo kikuu na kusomea udaktari, mradi katika cheti chake cha kidato cha nne awe pia na Hisabati na Kiingereza. Sharti hili la Hisabati na Kiingereza limewafungia wengi, kwa hiyo msimwache mtoto azitupe kwa kuwa "daktari hahesabu." Daktari huhesabu usiku kucha, dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na kosa la nukta moja ni kifo.

Naufahamu mlango huu kwa macho. Yuko tabibu mmoja aliyefanya kazi miaka saba katika zahanati ya kijijini, akizalisha wanawake kwa mwanga wa tochi, ndipo akaenda kusoma udaktari akiwa na mke na watoto watatu. Aliniambia kwamba vijana waliotoka kidato cha sita walimshinda mwaka wa kwanza katika vitabu, nao wakamfuata nyuma mwaka wa nne walipofika wodini. Ukiangalia vizuri, mlango huu ndio mabaki ya ile fikira ya Musoma: mtu afanye kazi kwanza, kisha asome. Tofauti ni kwamba hakuna anayelazimishwa.

Gharama nisizisahau. Karo ya udaktari ni kubwa kuliko ya fani nyingi, na Bodi ya Mikopo ina fomu zake na siku zake. Vyeti vya kuzaliwa vitafuteni mapema, msingoje mwezi wa matokeo. Na tusidanganyane, katika miaka hii wako madaktari waliohitimu wanaongoja ajira mijini, huku vituo vya mashambani vikiwangoja wao. Hilo lataka mazungumzo yake peke yake.

Viazi vya mgeni wangu tulivichemsha, tukavila pamoja na maziwa yake. Alasiri nilimsindikiza stendi. Njiani alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Basi, Mwalimu, mtu wa kuonwa ni mwalimu wa Fizikia?"

Nilicheka, nikasema, "Ndiye huyo, Baba."

Yeye hakucheka. Alisema, "Hatuna. Aliyekuwako alihamishwa, na tangu hapo watoto hunakili kitabu ubaoni, mmoja asoma na wengine waandika."

Sikuwa na jibu la kumpa. Basi likaja, akapanda.

Baada ya miezi miwili alinipigia simu. Alikuwa amesimama katika mkutano wa wazazi na kuwaeleza habari za herufi tatu, na za mstari, na hata za Wajapani, nadhani kwa kuongeza chumvi kidogo. Wazazi wakapatana kwamba kila nyumba yenye mtoto katika shule ile itoe debe moja la viazi wakati wa mavuno. Viazi viuzwe Makambako, mahali penye barabara kuu na reli, ambapo bei ni nzuri kuliko ya shambani. Na fedha zile zimlipe kijana mmoja aliyehitimu ualimu wa sayansi, anayengoja ajira, afundishe Fizikia siku tatu kwa juma. Alitaka nimtafutie kijana huyo. Nilimtafuta katika majina ya wanafunzi wangu wa zamani, nikampata, akakubali, ijapokuwa aliponiuliza juu ya baridi sikumwambia yote.

Binti yule sasa yuko kidato cha tatu, na Fizikia hakuiacha. Mtihani wa kwanza wa mwaka alipata alama 38 katika mia. Baba yake alinipigia simu jioni ile ile, akanisomea ripoti yote, somo kwa somo, kisha akarudi kwenye ile 38. Akauliza kama hiyo yafika Muhimbili. Nikamwambia kwamba hiyo ni D, na kwa kwenda kidato cha tano yatakiwa C, na C huanza 45.

Akapiga hesabu kwa sauti. "Saba," akasema.

"Naam, Baba. Zimebaki saba."